Je, kisakinishi kimuulize mtumiaji kabla ya kupakia programu dhibiti isiyo huria?

mwalimu_masasi

Habari za jioni, ndugu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa somo la kompyuta katika shule moja ya sekondari wilayani Masasi. Shule yetu, pamoja na nyingine kadhaa za Newala na Tandahimba, imepokea kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika, za miaka tofauti na watengenezaji tofauti, nami nimepewa jukumu la kuandaa flashi ya kusakinishia mfumo endeshi huria wa Debian 12, ambayo kila mwalimu ataweza kuitumia peke yake bila kunisubiri nifunge safari. Kazi yenyewe inakwenda vizuri. Kilichonikwamisha ni jambo ambalo si la ufundi tu, na ndiyo maana nimelileta hapa.

Kwa wasiolifuatilia suala hili: kadi nyingi za Wi-Fi, chipu za michoro na hata baadhi ya chipu za sauti haziwezi kufanya kazi mpaka mfumo endeshi uzipatie faili linaloitwa programu dhibiti, ambalo hupakiwa ndani ya kifaa kila kompyuta inapowashwa na kuendeshwa na prosesa ndogo iliyomo ndani ya kifaa hicho. Mafaili mengi ya namna hii hutolewa na mtengenezaji bila msimbo chanzo; leseni huruhusu kuyasambaza, lakini hairuhusu kuyabadilisha wala kuyachunguza. Kwa muda mrefu Debian haikuyaweka katika nakala zake rasmi za usakinishaji, na mpaka Debian 11 ya Agosti 2021 aliyekuwa na kadi inayoyahitaji ilimlazimu atafute nakala nyingine iliyoitwa isiyo rasmi, au ayabebe mafaili hayo kwenye flashi ya pili. Mwaka 2022 wanachama wa mradi huo walipiga kura, wakaurekebisha Mkataba wao wa Kijamii, na kuanzia Debian 12 iliyotoka Juni 2023 nakala rasmi ni moja tu, nayo inazo programu hizo. Kisakinishi kikigundua kifaa kinachozihitaji, huzipakia chenyewe bila kuuliza.

Hapo ndipo shaka yangu ilipo. Darasani nimekuwa nikiwaeleza wanafunzi kwamba tofauti ya programu huria na programu nyingine si bei, bali ni mamlaka ya mtumiaji juu ya kile kinachoendeshwa kwenye mashine yake. Sasa flashi nitakayoituma Newala itamwamulia mwalimu wa Newala na wanafunzi wake jambo lile lile ninalosema ni haki yao kuliamua. Ninafikiria kuweka ukurasa wa Kiswahili mwanzoni mwa usakinishaji utakaouliza ndiyo au hapana. Wenzangu wawili shuleni wanasema swali hilo litawachanganya watu na kwamba nisiguse kitu kinachofanya kazi.

Niongeze mambo mawili ya mazingira. Maabara nyingi kati ya hizi hazina intaneti ya waya. Mtandao ni simu ya mwalimu na bando lake. Na baadhi ya kompyuta hizi ni nyembamba kiasi kwamba hazina tundu la waya wa mtandao, hivyo Wi-Fi ikikosekana, mashine hiyo imetengwa kabisa na dunia. Naomba maoni yenye sababu. Ushabiki wa mfumo huu dhidi ya ule tuuache kwenye nyuzi nyingine.

kijana_nachingwea

Shikamoo Mwalimu. Msimamo wangu ni kwamba uulize, tena uulize mapema kabla faili lolote halijapakiwa.

Hoja ya kwamba swali litawachanganya watu imekuwa ikitumiwa kwa kila jambo ambalo wenye ujuzi hawataki kulieleza. Kompyuta ya shule ni mali ya umma, na programu isiyoonekana ndani yake inaendeshwa ndani ya kifaa ambacho kila neno la mwanafunzi linapitia. Kadi ya Wi-Fi huona pakiti zote zinazoingia na kutoka. Zaidi ya hapo, kifaa kilichounganishwa kwenye njia ya PCI (inayounganisha kadi na ubao mkuu) kinaweza kusoma na kuandika moja kwa moja katika kumbukumbu kuu ya kompyuta bila kupitia prosesa kuu, isipokuwa pale ambapo ulinzi wa IOMMU, unaowekea kifaa mipaka ya kumbukumbu kinayoweza kuifikia, upo na umewashwa. Na katika mashine za zamani kama hizo ulizopewa, ama haupo, ama umezimwa katika BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta). Kwa hiyo wanaosema kwamba programu dhibiti inaishi ndani ya kadi tu, na haituhusu, wanarahisisha mno.

Pia usisahau kwamba iko mifumo iliyochagua njia nyingine kabisa. Trisquel na Parabola, kwa mfano, hutumia kiini (kernel, moyo wa mfumo endeshi) kilichoondolewa programu dhibiti zote zisizo huria, na vifaa vinavyozihitaji haviwashwi. Sisemi shule zako zitumie mifumo hiyo. Ninachosema ni kwamba uamuzi huu una pande mbili zilizo hai, zenye watu makini kila upande, na kuufanya kwa kunyamaza ni kumnyima mtumiaji hata habari kwamba uamuzi ulikuwepo.

Mwisho, vipo vifaa vinavyofanya kazi kwa programu dhibiti huria. Msimbo wa chipu ya Atheros AR9271, ambayo huuzwa ndani ya vitumi vidogo vya USB, ulitolewa kwa leseni huria mwaka 2013, na Debian inao katika sehemu yake kuu. Mwalimu atakayejibu hapana hatakuwa amefungiwa mlango. Atakuwa na njia, ingawa ni ndefu kidogo.

fundi_mikindani

Mwalimu, pole na majukumu. Kijana, hoja yako ya IOMMU ni sahihi na nimefurahi kuiona, kwa sababu mara nyingi huachwa. Hata hivyo nina mashaka na hiyo njia ndefu kidogo.

Mimi ni fundi. Kompyuta za watu zinapita mezani kwangu Mikindani kila siku. Hicho kitumi cha AR9271 ukikiagiza kutoka Kariakoo, tatizo la kwanza ni kujua utaletewa nini. Iko aina moja maarufu ambayo toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu hiyo, na toleo lililofuata likawekewa chipu ya kampuni nyingine, jina lile lile na boksi linalofanana. Muuzaji hajui tofauti, na hana sababu ya kuijua. Tatizo la pili ni njia. Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya na mvua zilizoambatana nacho, barabara ya Dar es Salaam ilikatika upande wa Somanga, na kwa muda mizigo midogo ya namna hii haikuwa na haraka kwa mtu yeyote isipokuwa mwenye nayo. Kumwambia mwalimu wa Tandahimba kwamba ana chaguo, huku chaguo lenyewe liko Kariakoo ndani ya boksi lisilojulikana lina nini, ni maneno mazuri yasiyomfikishia kitu.

Sasa kuhusu swali. Sipingi kuuliza. Ninapinga kuuliza wakati ambapo anayeulizwa hana namna ya kutafuta jibu. Fikiria hali yenyewe: mwalimu amewasha mashine, hana mtandao, mbele yake kuna maandishi yanayomuuliza kama anaridhia programu dhibiti isiyo huria. Hawezi kutafuta maana yake kwa sababu ili atafute anahitaji Wi-Fi, na Wi-Fi ndiyo inayoulizwa. Atabonyeza chochote kilichoangaziwa ili asonge mbele. Nimeshuhudia watu wakifanya hivyo kwa kurasa za lugha, za saa za eneo, na hata kwa ile ya kufuta diski nzima, ambayo ina maonyo makali kuliko lolote tutakaloliandika sisi. Jibu la namna hiyo ukilirekodi kama ridhaa, unajidanganya.

Kijana amesema kunyamaza ni kumnyima mtu habari. Nakubali. Lakini kumuuliza mtu asiye na habari nako hakumpi habari, na tofauti yake na kunyamaza ni kwamba safari hii lawama umemhamishia yeye.

Jambo la pembeni ambalo Mwalimu atalihitaji: endesha `lspci -nn` na `lsusb`, amri zinazoorodhesha vifaa, kwenye kila aina ya mashine kabla hujaandika ukurasa wowote. Ukikuta kadi za zamani za Broadcom zinazotumia draiva ya b43, ujue kwamba hata ukijibu ndiyo mara mia, hazitawaka kutoka kwenye flashi yako, kwa sababu leseni ya mtengenezaji haimruhusu mtu mwingine kusambaza faili hilo. Kifurushi cha `firmware-b43-installer` huenda mtandaoni kulichukua na kulichomoa ndani ya draiva ya mtengenezaji, na mashine isiyo na mtandao haiendi popote. Hapo hakuna swali la kumuuliza mtumiaji. Mtengenezaji amekwisha kulijibu.

bi_ligula

Naomba kuchangia kwa upande mmoja ambao sijaona ukiguswa. Ninafanya kazi na wanafunzi wasioona.

Kisakinishi cha Debian kina utaratibu wa sauti. Menyu ya kwanza ikiwa tayari hutoa mlio, mtumiaji hubonyeza herufi s kisha Enter, na kuanzia hapo maswali yote husomwa kwa sauti. Kwa mwanafunzi wangu hiyo ndiyo njia pekee ya kusakinisha mfumo bila kushikwa mkono. Lakini katika kompyuta nyingi za miaka ya karibuni zenye prosesa za Intel, chipu ya sauti nayo inahitaji programu dhibiti ili itoe chochote. Bila hiyo, kompyuta ni bubu, na ukurasa wa swali lako, Mwalimu, hata uandikwe kwa Kiswahili fasaha namna gani, kwake haupo. Huwezi kumuuliza mtu kama anaridhia kupewa sauti kwa njia inayohitaji sauti ili asikie swali. Hoja hii ilijadiliwa na watu wa Debian wenyewe kabla ya kura ya 2022, na kwa maoni yangu ilikuwa miongoni mwa hoja nzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kwamba kuuliza kwanza si kanuni isiyopendelea upande wowote, bali inapendelea wanaoona.

Niongeze jambo ambalo Kijana atalipenda na pengine halitampendeza kwa wakati mmoja. Msimbo wa programu hiyo ya sauti ni huria. Mradi wake unaitwa Sound Open Firmware na mtu yeyote anaweza kuusoma. Ila mashine nyingi hukubali tu nakala iliyotiwa saini kwa ufunguo wa Intel, kwa hiyo unaweza kuisoma, unaweza hata kuirekebisha, lakini ukiirekebisha mashine yako inaikataa. Ndiyo maana kifurushi cha `firmware-sof-signed` kimewekwa kwenye sehemu ya zisizo huria. Ukurasa wa ndiyo na hapana utamweleza mtu hilo kwa mistari mingapi?

kijana_nachingwea

Dada, nimekuelewa, na kuhusu sauti sina la kujibu: hapo kuuliza kwanza hakuwezekani. Lakini sauti ni hali moja. Mashine arobaini za maabara zinazosakinishwa na mwalimu anayeona zisigeuzwe kuwa hali hiyo hiyo. Na kwa Fundi: kama tatizo ni kwamba mtu hana habari wakati wa kuulizwa, dawa yake ni kumpa habari mapema, kwa karatasi moja inayosafiri pamoja na flashi. Kuondoa swali hakumpi mtu habari hizo.

mzee_wa_seva_lindi

Marahaba vijana, nawasalimu nyote. Nimekuwa nikisakinisha mifumo ya namna hii tangu enzi za Debian 6, ile ya Februari 2011, ambayo ndiyo iliyotoka kwa mara ya kwanza na kiini kilichosafishwa programu dhibiti zisizo huria. Kwa hiyo miaka ya kubeba flashi mbili ninaikumbuka, na siitamani.

Naona mnabishana kama vile kuna swali moja, na hapa yamechanganywa matatu.

La kwanza ni programu dhibiti inayopakiwa kila kompyuta inapowashwa. Hii hukaa katika kumbukumbu ya muda ya kifaa. Ukizima umeme, imeondoka. Mtu aliyeikubali leo anaweza kesho kuondoa kifurushi kwa `apt purge` (`apt` ndiyo programu ya Debian ya kuweka na kuondoa vifurushi), akazima mashine na kuiwasha, na kadi yake ikarudi kuwa kama ilivyotoka kiwandani. Uamuzi unaoweza kurudishwa nyuma kwa gharama ndogo hauhitaji mlinzi mlangoni. Unahitaji mtu ajue ulifanyika na ajue namna ya kuurudisha.

La pili ni programu dhibiti inayoandikwa ndani ya kifaa moja kwa moja, kama masasisho ya BIOS au ya diski yanayopitia programu ya `fwupd`. Hiyo haiondoki kwa kuzima umeme, na katika mashine nyingi hakuna njia rahisi ya kurudisha ya zamani. Hapo mimi ni mkali kuliko Kijana: hakuna kuandika bila kuuliza, na swali liulizwe mashine ikiwa na betri imejaa na umeme wa ukuta upo, kwa sababu umeme ukikatika katikati, unaweza kubaki na sahani ya kuwekea chai. Bahati nzuri kisakinishi cha Debian hakigusi eneo hilo. Lakini ukiandika ukurasa wako, Mwalimu, usije ukaandika kwa maneno ya jumla yanayochanganya hili na lile la kwanza, maana utawatisha watu kwa jambo jepesi na kuwazoesha kukubali jambo zito.

La tatu ni maikrokodi, yaani maagizo ya ndani ya prosesa kuu. Kasoro za usalama za prosesa ziitwazo Spectre na Meltdown zilipotangazwa Januari 2018, sehemu ya tiba ilikuja kwa njia hiyo, na vifurushi vya `intel-microcode` na `amd64-microcode` vimo katika sehemu hiyo hiyo ya programu dhibiti zisizo huria. Anayekataa maikrokodi mpya hajapata prosesa huria. Prosesa yake ina maikrokodi ya zamani, nayo imefungwa vile vile, ila ina kasoro zinazojulikana dunia nzima. Vivyo hivyo kwa kadi inayowaka bila kupakiwa chochote kwa sababu programu yake imechomwa ndani kiwandani: haikuwa huria zaidi, imefichwa zaidi. Kijana wangu, hapa ndipo msimamo wa wenzetu wa Trisquel na wengineo unaponishinda kuufuata, ingawa nawaheshimu, maana bila wao kung'ang'ania, sidhani kama msimbo wa AR9271 ungetolewa.

Sasa kwa vitendo. Kuna sehemu moja ambapo swali linaweza kuulizwa kabla ya lolote kupakiwa bila kumsimamisha asiyejua, nayo ni menyu ya kwanza kabisa ya flashi. Kisakinishi cha Debian 12 kinakubali kigezo cha `firmware=never`, ambacho ni ufupisho wa `hw-detect/firmware-lookup=never`; ukikiweka kwenye mstari wa kuanzisha kiini, utafutaji wa programu dhibiti huzimwa wote. Kwa hiyo unda vipengele viwili katika menyu: cha juu kiwe cha kawaida, cha chini kiwe na kigezo hicho, na kila kimoja kiwe na maelezo mafupi ya Kiswahili. Asiyejua atabonyeza Enter kwenye cha juu na mashine yake itafanya kazi. Anayejua anachotaka ataona njia yake bila kuhitaji kukariri kigezo. Kumbuka kuhariri sehemu zote mbili, faili la GRUB kwa mashine za UEFI (mrithi wa BIOS) na la isolinux kwa mashine za BIOS ya zamani; hizo ndizo programu mbili zinazoonyesha menyu hiyo. Ukihariri moja, nusu ya walimu wako wataona menyu nyingine wakuone mwongo. Na kipengele cha sauti cha Bi Ligula ukiache kama kilivyo, na herufi yake ya s usiibadilishe.

Baada ya usakinishaji liko faili la `/var/log/installer/firmware-summary` linaloorodhesha kilichotumika. Hilo kwangu lina thamani kuliko ukurasa wa ndiyo na hapana. Mkulima akipeleka korosho AMCOS, chama chake cha ushirika, hajui namna zote za kupanga madaraja, na pengine daraja alilopewa halimridhishi, ila anaondoka na stakabadhi mkononi yenye kilo na daraja, na akitaka kubishana ana pa kuanzia. Mtumiaji wa kompyuta naye apewe stakabadhi yake.

fundi_mikindani

Shikamoo Mzee. Naunga mkono, na ninaongeza jambo dogo. Hilo faili limo ndani ya saraka ambayo mtumiaji wa kawaida hataifungua hata siku moja, na sehemu kubwa ya saraka hiyo inamtaka awe na mamlaka ya msimamizi. Mwalimu anaweza kuweka amri fupi mwishoni mwa faili la majibu ya awali (linalojibu maswali ya kisakinishi mapema), katika sehemu ya `preseed/late_command`, ikanakili muhtasari huo hadi mezani pa mtumiaji (desktop, skrini ya kwanza anayoiona) pamoja na maelezo ya Kiswahili. Bila hivyo stakabadhi ipo, ila imefungiwa ghalani.

kijana_nachingwea

Shikamoo Mzee. Nimeisoma hoja yako ya kurudisha nyuma mara kadhaa, na naikubali kwa sehemu. Inasimama iwapo mtu kweli anaweza kurudisha nyuma. Kwa hiyo naomba mambo mawili yaingie kwenye kazi ya Mwalimu, la sivyo neno hilo litabaki la kinadharia.

Kwanza, maelezo yatakayowekwa mezani yaandike amri kamili ya kuondoa kila kifurushi kilichowekwa kwenye mashine hiyo, kwa jina lake, si sentensi ya jumla kwamba inawezekana. Pili, kisakinishi kikikuta programu isiyo huria inahitajika, huongeza sehemu ya `non-free-firmware` katika orodha ya vyanzo vya `apt`. Hilo lina faida, kwa sababu ndiyo njia ya kupata marekebisho ya usalama, na silipingi. Lakini mtu aambiwe kwamba limefanyika, na aelezwe kwamba sehemu hiyo imetengwa na ile ya `non-free` ya kawaida. Kabla ya Debian 12 vyote vilikuwa katika kapu moja, na aliyetaka faili la kadi yake alilazimika kufungua mlango kwa kila programu nyingine isiyo huria. Kutenganishwa huko, kwa maoni yangu, ndilo jambo zuri kuliko yote lililotokana na mabadiliko hayo, na ajabu ni kwamba halizungumzwi.

mwalimu_masasi

Nawashukuru nyote, na kwa Mzee, shikamoo. Nimebadili mpango. Ukurasa wa ndiyo na hapana nimeuacha, na badala yake nimeandika vipengele vya menyu kama ifuatavyo. Naomba mvikosoe kabla sijavichoma kwenye flashi.

Cha kwanza: «Sakinisha (vifaa vyote, pamoja na programu dhibiti zisizo huria pale zinapohitajika)».

Cha pili: «Sakinisha bila programu dhibiti zisizo huria (Wi-Fi, sauti au michoro huenda isifanye kazi)».

Cha tatu ni cha sauti, na sijakigusa.

Pia nimefuata ushauri wa Fundi na wa Kijana. Mezani pa kila mashine kutakuwa na faili liitwalo «Kilichowekwa kwenye kompyuta hii», lenye sehemu tatu: orodha ya vifurushi, amri ya kuondoa kila kimoja, na aya moja inayoeleza sehemu ya `non-free-firmware` ni nini na kwa nini imeongezwa. Kwa mashine za Broadcom, ambazo kwa kweli nimezikuta katika shehena ya Newala, nitachomoa faili lake kwenye mashine yenye mtandao kwa kutumia `b43-fwcutter` na kumpelekea mwalimu mhusika yeye mwenyewe, bila kuliweka kwenye flashi ya wote, kwa kuwa leseni hainiruhusu kulisambaza.

Kinachonitatiza bado ni wakati. Je, menyu isubiri mpaka mtu abonyeze, au baada ya sekunde kadhaa iendelee yenyewe na kipengele cha kwanza?

bi_ligula

Isubiri, Mwalimu. Ukiweka muda, mwanafunzi wangu atasikia mlio, na kabla hajaipata herufi s kwenye kibodi asiyoizoea, menyu itakuwa imekwisha kuondoka na kumpeleka kwenye usakinishaji usio na sauti. Kuhusu maneno ya kipengele cha pili, andika «hazitafanya kazi kwenye baadhi ya mashine» badala ya «huenda isifanye kazi», kwa sababu kwa hizo za Newala hakuna huenda.

mzee_wa_seva_lindi

Bi Ligula yuko sahihi kwa yote mawili. Katika GRUB weka `timeout=-1`, na katika isolinux weka `timeout 0`; maana ya tarakimu hizo mbili ni moja, ijapokuwa hazifanani, na ukizibadilisha nafasi, GRUB itaondoka papo hapo bila kumsubiri mtu. Jaribu flashi hiyo kwenye mashine moja ya UEFI na moja ya BIOS kabla haijavuka kwenda Newala.